Siku Moja Kyoto, Wakati wa Maua

Leo tunasafiri mbali, mpaka nchi ya Japani. Mwalimu wa darasa na awaonyeshe ramani. Japani ni nchi ya visiwa, mashariki ya China na Korea. Kisiwa kilicho kikubwa kupita vyote huitwa Honshu, na ndani ya kisiwa hicho, mahali palipozungukwa na milima pande tatu, umo mji wa Kyoto. Tutatembea humo siku moja tu, tangu asubuhi hata usiku. Tumechagua siku ya mwanzo wa mwezi wa Aprili, kwa kuwa huo ndio wakati wa maua ya micheri.

Mcheri, Wajapani huuita sakura. Aina nyingi za mti huu hutoa maua kwanza, na majani hufuata baadaye. Kwa hiyo ukiutazama mti wakati huo huoni jani hata moja, bali maua matupu, meupe yenye wekundu kidogo, toka tawi la chini mpaka la juu. Hayakai sana. Hukaa kama wiki moja hivi, na mvua ya usiku mmoja ikifuatana na upepo yaweza kuyamaliza yote. Ndiyo sababu watu huacha kazi zao wakaenda kuyatazama upesi, wakachukua na chakula, wakatandika mikeka chini ya miti.

Desturi hiyo ni ya zamani. Basi tuanze matembezi yetu pale ilipoanza. Karibu na katikati ya mji kuna bustani ndogo yenye ziwa, iitwayo Shinsen-en. Mpita njia asiyeambiwa ataiona ni bustani tu kama nyingine. Lakini mwaka wa 812, Mfalme Saga alifanya hapa karamu ya kutazama maua ya micheri, na waandishi wa mfalme wakaiandika katika kitabu cha habari za ufalme. Hiyo ndiyo karamu ya kwanza ya namna hiyo ambayo habari zake tunazo. Wakati ule Kyoto ulikuwa mji mpya. Ulikuwa umefanywa makao ya wafalme mwaka wa 794 tu, na njia zake zilinyoshwa na kukatana kama mistari ya ubao wa dama, kwa kufuata mfano wa mji mkuu wa China.

Shinsen-en ilikuwa kubwa sana hapo kale. Sehemu yake kubwa ilimegwa kuanzia mwaka wa 1603, Tokugawa Ieyasu alipojenga ngome yake ya Nijo kando yake. Ngome hiyo ingalipo, na maelfu ya watu huingia kuona sakafu zake za mbao ambazo hulia kama ndege mtu akizikanyaga. Sisi tutaipita. Nataka kwanza mfikiri juu ya wale waandishi.

Katika karne zilizofuata, mabwana wa nyumba ya mfalme na watawa wa mahekalu walikuwa na desturi ya kuandika habari za kila siku. Kitabu cha namna hiyo huitwa shajara. Fujiwara no Michinaga, aliyekuwa na nguvu kuliko mtu yeyote katika Kyoto miaka elfu iliyopita, aliandika yake kwa mkono wake mwenyewe juu ya karatasi za kalenda, ambapo kila siku ilikuwa imeachiwa nafasi ya mistari miwili tu. Karatasi nyingine za mkono wake zimehifadhiwa Kyoto mpaka leo. Wanawake nao waliandika. Murasaki Shikibu, mtumishi wa binti Michinaga, alitunga hadithi ndefu ya Genji, na ndani yake imo karamu ya maua.

Waandishi wa shajara hawakuwa na nia ya kufundisha mtu. Waliandika nani amekuja, mvua imenyesha ama haikunyesha, na maua yamefunguka siku gani. Ni mambo madogo. Miji huungua, na Kyoto uliungua vibaya katika vita vilivyodumu toka 1467 hata 1477, karatasi nyingi zikapotea. Lakini zilizosalia zilikuwa nyingi za kutosha. Katika zama zetu mtaalamu mmoja wa Kijapani, Yasuyuki Aono, alizipekua moja moja, akakusanya tarehe ambazo micheri ya mlimani ilikuwa imefunguka yote. Akapata hesabu inayoanza mwaka ule wa 812. Hakuna mahali pengi duniani ambapo wataalamu wa hali ya hewa wana hesabu ya mti mmoja iliyorudi nyuma hivyo.

Na hesabu hiyo inasema nini? Inasema kwamba kwa karne nyingi maua yalikuwa yakijaa katikati ya Aprili. Kisha, tangu karne ya 19, siku ile ikaanza kurudi nyuma. Mwaka wa 2021 maua yalijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa kabla yake. Sababu ni joto: joto la dunia nzima lililoongezeka, na joto la mji wenyewe wenye majengo na magari mengi. Bwana aliyeandika mistari miwili juu ya kalenda yake hakujua kuwa anatupa ushahidi.

Sasa tushuke chini ya ardhi tupande treni kwenda mashariki. Treni hii yaendelea hata Daigo, ambako mwaka wa 1598 Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, aliagiza micheri kama 700 ipandwe kwa ajili ya karamu ya siku moja. Aliwaalika wageni kama 1,300, wengi wao wanawake. Wakati anakula na kunywa, askari wake walikuwa wakiua na kuuawa nchi ya Korea, katika vita alivyovianzisha mwenyewe. Hakuyaona maua ya mwaka wa pili, maana alikufa mwezi wa Septemba.

Sisi tunashuka kabla ya Daigo, mahali paitwapo Keage. Hapa kuna kitu cha ajabu: reli mbili zapanda kilima, wala hazina treni, na micheri imesimama kushoto na kulia. Watu hutembea katikati ya reli wakipiga picha. Wachache huuliza reli hizi zilikuwa za nini.

Jibu ni hili. Mwaka wa 1869 mfalme kijana, Meiji, alihamia Tokyo, na serikali nayo ikahamia huko. Kyoto ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Wafuma hariri, wachoraji, wapishi na mafundi wote waliokuwa wakipata riziki kwa watu wakubwa wa mfalme walikosa wanunuzi. Idadi ya watu ikapungua sana. Wengine walidhani mji utakufa.

Gavana wa Kyoto, Kitagaki Kunimichi, aliona kuwa ng'ambo ya milima kuna ziwa kubwa, Biwa, ambalo maji yake yako juu kuliko mji. Akataka maji hayo yaletwe kwa mfereji. Kazi akampa Tanabe Sakuro, kijana aliyetoka chuoni karibuni. Kazi ilipoanza mwaka wa 1885 Tanabe alikuwa na umri wa miaka 23. Zamani hizo kazi kubwa kama hizo Wajapani walizoea kuwaachia wahandisi wa Ulaya, lakini hii waliifanya wenyewe. Walitoboa mlima kwa urefu wa zaidi ya kilometa mbili, na wafanyakazi 17 walipoteza maisha. Mfereji ulikwisha mwaka wa 1890. Jiwe la ukumbusho wa wale waliokufa liko hapa Keage. Tanabe alilisimamisha kwa fedha yake mwenyewe.

Mashua zilipofika juu ya kilima hiki hazikuweza kushuka, maana maji huanguka kama meta 36. Ndipo zilipopakiwa juu ya magari ya magurudumu, zikateremshwa kwa reli hizi tunazokanyaga. Na maji yale yaliyoanguka yalizungusha mashine za umeme kuanzia mwaka wa 1891. Kwa umeme huo viwanda vikaamka, na mwaka wa 1895 Kyoto ukawa mji wa kwanza wa Japani kuwa na tramu za umeme, yaani magari ya abiria yapitayo juu ya reli barabarani. Mashua ziliacha kutumia reli hizi mwaka wa 1948. Maji yangali yakipita, na mji huyanywa.

Micheri ya Keage ni ya aina iitwayo Somei Yoshino. Miti ya aina hii haipandwi kwa mbegu. Mtunza bustani hukata kijiti cha mti mmoja akakiunga katika shina la mwingine, kama wafanyavyo wakulima wa michungwa. Kwa hiyo yote ni kama mti mmoja uliogawanywa, na ndiyo maana mahali pamoja hufunguka yote kwa pamoja.

Jua likianza kutua, tutembee kuelekea kusini hata bustani ya Maruyama. Mji tunaoupita ulikuwa karibu kuangamizwa. Mwaka wa 1945 Kyoto ulikuwa katika orodha ya Wamarekani ya miji ya kupigwa kwa bomu la atomiki. Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, aliyekuwa amepata kuuzuru, aliutoa katika orodha kwa sababu ya historia yake. Nagasaki ukaingia. Watu wa Nagasaki nao walikuwa na historia yao.

Katikati ya Maruyama umesimama mcheri mmoja mkubwa, matawi yake yananing'inia kama mvua. Ule wa kwanza ulikufa mwaka wa 1947. Lakini mtunza bustani wa ukoo wa Sano alikuwa amechukua mbegu zake miaka mingi kabla, akaziotesha shambani kwake, na mwaka wa 1949 mtoto wa mti ule akapandwa pale pale. Ndio huu. Usiku huu taa zimewashwa chini yake, watu wamekaa mikekani, na maua machache yameanza kuanguka ndani ya vikombe vyao.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.