Mgonjwa Akitua Wilson, Safari Haijaisha

Mgonjwa mahututi akitolewa Lodwar kwa ndege ya ambulensi, nyika na milima ya Bonde la Ufa humalizika kwa saa moja na ushei. Anapotua Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hubaki kilomita chache tu: Barabara ya Lang'ata, kisha Mbagathi Way, kisha kupanda hadi Upper Hill. Jioni ya Ijumaa mvua ikinyesha, hapo ndipo muuguzi huanza kuitazama saa yake.

Kilima hiki kimevuta wagonjwa kwa zaidi ya karne. Maafisa wa reli na serikali ya kikoloni walijenga huku juu, mbali na tope la uwanda wa chini. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikiitwa Native Civil Hospital. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George VI, na baada ya uhuru ikapata jina ililo nalo leo. Wazungu walifunguliwa yao karibu na hapo mwaka 1954, European Hospital, ambayo sasa ni Nairobi Hospital. Hivyo madaktari bingwa wengi wa nchi wakakusanyika kwenye kilima kimoja. Aliyevunjika fuvu Turkana au aliyeungua Lamu mara nyingi akawa na mawili tu: kufika hapa au kufa akiwa njiani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba ndege za matibabu hazikuanza kwa kuwaleta wagonjwa Nairobi. Michael Wood, daktari mpasuaji Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1947, aliwaza kinyume: daktari ndiye amfuate mgonjwa. Yeye na wapasuaji wenzake wawili, Archibald McIndoe wa New Zealand na Tom Rees wa Marekani, walilizungumza wazo hilo kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo sasa tunalijua kama AMREF. Wood alijifunza urubani. Huduma ya Flying Doctors ikaweka makao Wilson, na vituo vya afya vya mbali vikaunganishwa nayo kwa redio. Mwaka 1964 akajiunga Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejifunza kuendesha ndege akiwa na miaka zaidi ya 40. Alizunguka kaskazini na pwani ya Lamu kwa miongo mitatu, na watu wakamwita Mama Daktari. Alikuwa akitua, anachanja, anatibu, kisha anaondoka.

Lakini kuna maradhi yasiyotibika chini ya mti. Kadiri Kenyatta ilivyokua, ndivyo ndege zilivyozidi kurudi zikiwa zimembeba mgonjwa, pamoja na oksijeni, mashine ya kumsaidia kupumua na wahudumu waliofunzwa kumtunza angani. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, majeruhi waliokuwa mahututi walisafirishwa hadi Nairobi kwa ndege. Kwa barabara, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 350.

Je, helikopta? Chombo hiki kilianza kuokoa majeruhi Burma, Aprili 1944, kilipowatoa msituni askari waliokwama nyuma ya mstari wa adui.  Vita vya Korea vikaifanya kazi hiyo kuwa ya kawaida. Munich ikapata helikopta yake ya wagonjwa mwaka 1970, na London mwaka 1989.

Kwetu jiografia ilikataa. Ndege kama Pilatus PC-12 hukimbia takriban kilomita 500 kwa saa na hutua kwenye uwanja wa vumbi. Helikopta ya kawaida huenda nusu ya kasi hiyo, na mafuta yake hayaifikishi mbali. Nairobi nayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza nguvu. Ndiyo maana helikopta imebaki kuwa ya mahali pasipo na uwanja: mpanda mlima aliyeumia Mlima Kenya, au ajali iliyofunga barabara kuu. Lakini kwa ule mwendo mfupi wa kutoka Wilson kupanda Upper Hill, naona helikopta ndiyo chombo chenyewe, kwani ingeuvuka kwa dakika chache bila kujali msongamano ulio chini.

Kwa sasa wengi wanamalizia safari kwa magurudumu. Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inahesabu huduma ya kabla ya kufika hospitalini kuwa sehemu ya matibabu hayo. Kwa hiyo ambulensi iliyokwama kwenye mzunguko wa Mbagathi ni wodi iliyo barabarani. Ewe dereva, ukisikia king'ora nyuma yako, sogea kando. Huenda aliyemo ndani ameamkia Mandera.