Jezi namba 34 haipo Mtaa wa Kongo

Asubuhi ya katikati ya wiki, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, unapita kwa bega. Nilikuwa natafuta jezi ya kikapu namba 34. Kijana aliyezitundika jezi zake mpaka zikaziba mlango wa duka la nyuma yake hakupata taabu: akachomoa moja ya kijani, akaikung'uta vumbi, akaninyooshea.

"Hii hapa kaka. Giannis."

Nikamwambia siyo hiyo. Naitaka ya Hasheem Thabeet, ya Memphis. Akaguna, akamuuliza mwenzake wa meza ya pili, mwenzake akauliza huyo ni wa timu gani ya Ulaya. Kobe alikuwepo, Curry alikuwepo wa rangi tatu, LeBron alikuwepo kwa saizi ya mtoto wa chekechea. Mtanzania pekee aliyewahi kucheza NBA hakuwepo, katika soko la mji aliozaliwa.

Nilikwenda kuitafuta kwa sababu ya Juni. Kila Juni ikikaribia, Wamarekani wanajiandaa kwa drafti, ile siku ambayo timu za NBA huchagua kwa zamu vijana wapya wa kuingia ligi. Na kila mwaka magazeti yao huifufua orodha ileile ya watu waliochaguliwa juu kisha wakaanguka. Jina la kijana wetu halikosi humo. Vijana wa hapa wanaisoma orodha hiyo kwenye simu, wanaichekea, wanaituma mbele. Wengi wao hawakuwahi kumwona akicheza. Wanachokijua juu yake ni ile kejeli tu, nayo si ya kwao.

Tuanze na jina. Amezaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987, akaitwa Hashim Thabit Manka. Marekani ndiyo iliyomwandika Hasheem Thabeet, kwa herufi zao za kuvuta sauti, na sisi tukalipokea jina letu wenyewe likiwa limeshonwa upya. Baba yake alikuwa msanifu majengo, akafariki mwanawe akiwa bado kijana. Alisoma Makongo Sekondari, shule ya jeshi iliyojijengea sifa ya kulea wanamichezo enzi za Kanali Idd Kipingu. Mpira wa kikapu aliushika akiwa na miaka 15 hivi. Hiyo 15 tuishike vizuri, maana tutairudia.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Akavuka kwenda Marekani, akapitia shule za huko na kumalizia Cypress Christian ya Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake ulikuwa mita 2.21. Msimu wa kwanza alikuwa mlinzi wa ringi tu. Kufikia wa tatu, wa 2008 hadi 2009, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloki 4.2 kwa mechi. Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alitajwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East, wakati ligi hiyo ikiwa miongoni mwa ngumu kuliko zote za vyuo. Watu waliokuwa wakiingia kwenye eneo lake walianza kurusha mpira juu zaidi ya walivyozoea, au kugeuza njia.

Halafu ikaja siku ya kuzaliwa.

Februari 16, 2009, Jumatatu, Hashim anatimiza miaka 22. Hapa kwetu ilikuwa usiku wa manane na Jumanne imeshaingia. Connecticut, namba moja nchini Marekani, wanawakaribisha Pittsburgh mjini Hartford. Senta wa Pittsburgh ni DeJuan Blair, mtoto wa mjini Pittsburgh, mfupi kwa Hashim kwa sentimita 20 hivi, lakini uzito wao karibu sawa. Pale mwenzake alipokuwa na urefu, Blair alikuwa na upana.

Nimeitazama picha ya tukio lile mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mapema kipindi cha kwanza mpira unarudi kutoka kwenye ringi, wote wawili wanaugombea, mikono inanasana. Mkono wa Hashim unabanwa kwenye kwapa la Blair. Blair anainama, anavuta mbele, na yule mtu wa mita 2.21 anapaa juu ya mgongo wa mwenzake, miguu angani, anatua sakafuni kama gunia la mkaa linaloshushwa kwenye fuso. Ukiirudisha taratibu unaona hatua moja moja: goti la Blair linakunjwa, bega linashuka, kisha viatu vya Hashim vinapita juu ya kichwa cha mtu ambaye sekunde moja kabla alikuwa anamtazama kwa chini.

Kama ilikuwa mieleka au kunasana kwa kawaida kwa watu wakubwa, Wamarekani wamebishana mpaka leo. Mimi naona kuna vyote viwili. Blair hakwenda pale kumwangusha mtu, ila alipoupata ule mkono hakuuachia pia. Kisichobishaniwa ni karatasi ya takwimu. Pittsburgh walishinda 76 kwa 68, ushindi wao wa kwanza katika historia dhidi ya timu inayoshika namba moja. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hashim, pointi 5 na ribaundi 4. Machi 7 timu zilirudiana Pittsburgh, Pittsburgh wakashinda tena, 70 kwa 60.

Watu wa kikapu wa hapa mjini wanaolikumbuka tukio lile wanalisimulia kama aibu. Wanasahau sura ya pili. Msimu ulipokwisha, Big East ilipotangaza mchezaji bora wa mwaka, iliwataja wawili kwa pamoja: DeJuan Blair na Hasheem Thabeet, aliyeangusha na aliyeangushwa. Connecticut waliendelea mpaka nusu fainali ya taifa mjini Detroit, wakatolewa na Michigan State. Na ilipofika Juni 25, 2009, mjini New York, Kamishna David Stern alitaja Blake Griffin wa kwanza, kisha akatamka jina la pili: Hasheem Thabeet, Memphis Grizzlies. Blair aliyembeba begani alikaa akisubiri hadi namba 37, timu nyingi zikiyaogopa magoti yake yaliyokuwa yamefanyiwa upasuaji, ndipo San Antonio walipomchukua.

James Harden alikuwa wa tatu siku ile. Stephen Curry alikuwa wa saba. Hapo ndipo kejeli zote zinapochotwa: mliwaacha hao mkamchukua yule? Swali ni la haki kwa viongozi wa Memphis. Halimhusu mtu aliyechaguliwa, kwa sababu mchezaji hajichagui. Tena orodha hizo hupita haraka sana juu ya Minnesota, waliokuwa na zamu mbili mfululizo, ya tano na ya sita, na zote mbili wakamruka Curry.

Sasa ile 15. Curry ni mtoto wa Dell Curry aliyecheza NBA miaka 16. Amekulia chini ya ringi. Hashim, siku anatajwa na Stern, alikuwa na miaka saba hivi tangu aanze kudunda mpira. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ile ile angekuwa ndiyo kwanza anamaliza la saba. Kijana wa aina hiyo anahitaji dakika uwanjani, na kocha anayevumilia makosa. Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph. Nafasi zote mbili za warefu zilikuwa na wenyewe. Mgeni akapewa wastani wa dakika 13, akazijibu kwa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloki 1.3. Ukizipima dakika zenyewe, hizo bloki si haba.

Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ya chini kuichezea Dakota Wizards. Hajawahi mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile kushushwa huko kabla yake, na magazeti hayakuiacha habari hiyo ipoe. Mtoto wa Dar, ambako watu huvaa sweta nyuzi joto zikigusa 22, akajikuta North Dakota mwezi wa theluji, akijifunza kazi mbele ya watu wachache.

Yaliyofuata ni safari za begi. Februari 2011 alikwenda Houston katika dili lililompeleka Shane Battier Memphis. Machi 2012 akapelekwa Portland pamoja na Jonny Flynn, mmoja wa wale wawili ambao Minnesota waliwachukua wakamruka Curry. Oklahoma City walimpa misimu miwili, na wa kwanza kati ya hiyo akacheza mechi 66, nyuma ya Kevin Durant na Russell Westbrook. Mwaka 2014 Philadelphia na Detroit walimpokea na kumwachia ndani ya miezi michache. Hesabu ikafungwa: mechi 224, wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Baadaye akacheza Japani, Taiwan, na miaka ya karibuni amerudi, jina lake likaonekana kwenye kikosi cha Dar City, klabu ya jiji hili hili.

Mechi 224. Wabongo wangapi wengine wamecheza hata moja? Hakuna. Tangu 2009 hakuna aliyemfuata, na hilo kwangu ndilo linalopaswa kuandikiwa orodha kila Juni.

Sababu haziko mbali. Miaka ile ile Hashim alipokuwa anaanza kudunda mpira, mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilikuwa imesimamisha mashindano ya michezo shuleni, kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, lakini pengo halikuzibwa. Aliyekuwa na miaka kumi wakati huo sasa ni mzazi, na ndiye anayemwambia mwanawe aache mpira ashike daftari.

Halafu kuna suala la ardhi. Kariakoo ya nyumba za chini zenye baraza na ua imekwisha. Kila kiwanja kinapanda ghorofa, fremu chini, bohari juu, na mtoto wa Gerezani au Mchikichini hana pa kudundia mpira isipokuwa ngazi. Bahati ni ule ukanda wa Mnazi Mmoja na Kidongo Chekundu, ambao wakoloni waliuacha wazi ili kuwatenga Waafrika na mji wa Wazungu, na ambao kwa kejeli ya historia umebaki kuwa pumzi yetu. Hapo Kidongo Chekundu, Oktoba 2015, ulifunguliwa uwanja wa vijana unaobeba jina la Jakaya Kikwete, kwa ubia wa kampuni ya umeme ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Kikwete mwenyewe alicheza kikapu shuleni na akawa mlezi wa mchezo huo kwa miaka mingi, kwa hiyo ringi hazikusahaulika.

Lakini hesabu kidogo. Uwanja mmoja Kidongo Chekundu, vile vya Don Bosco Upanga ambako ligi ya mkoa imekuwa ikichezwa juu ya saruji na chini ya anga, na ule wa ndani wa Taifa kule Temeke. Jiji lenye mamilioni ya watu. Tunataka senta wa NBA, na saruji hiyo hiyo ndiyo inayomla magoti kabla hajafikisha miaka 20. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hashim ilimbidi aende kucheza kwa watu ili atunzwe, na aliporudi akakuta tunacheka pamoja nao.

Nilirudi Mtaa wa Kongo siku iliyofuata. Yule kijana alinikumbuka. Akaniambia mbona rahisi, achukue jezi tupu ya bluu, anipeleke ghorofa ya pili kwa jamaa wa mashine, wachape namba na jina, nisubiri robo saa. Bei ya jina inakwenda kwa herufi. Akatoa simu aandike, akaniuliza linaandikwaje hilo jina.

Nikamwambia: T, H, A, B, I, T.

Akahesabu kwa kidole. "Sita," akasema. Kisha akaniuliza huyu mtu alikuwa anacheza namba gani.