Mgeni wa Dunga (Sehemu ya 4)

Wiki iliyopita tuliwaacha barazani, Mwalimu akimwuliza Baba: "Mzee, Nairobi ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Baba hakujibu. Alichukua sindano ya nyavu akaanza kushona tundu alilokwisha kulishona.

Redio ndiyo iliyosema kwanza. Jumatatu hiyo, 21 Oktoba 2024, taarifa ya habari ilikuja na mawili kwa mpigo: Fethullah Gülen amefariki Marekani, na Katibu wa Mambo ya Nje Korir Sing'oei amethibitisha kwamba wakimbizi wanne Waturuki, waliochukuliwa Nairobi Ijumaa, wamerudishwa kwao kwa ombi la serikali yao.

Mwalimu akasukuma kando sahani ya ngege. Tangu jaribio la mapinduzi la 15 Julai 2016, ambalo Ankara ilimlaumu Gülen naye akakana, mtu aliyefundisha katika shule za wafuasi wake huhesabiwa adui wa taifa, hata kama alichofundisha ni hesabu. Mwanangu alijua sehemu na desimali kwa sababu yake. Ndiyo maana nilimfungulia mlango.

"Nilikuwa dereva," Baba akasema hatimaye. "Februari 1999."

Mwalimu akamkazia macho. Hakuna Mturuki asiyeujua mwezi ule. Sisi Wakenya tunaujua pia, ila hatupendi kuulizwa. Abdullah Öcalan, kiongozi wa waasi wa Kikurdi wa PKK, aliingia Nairobi tarehe 2 kwa pasipoti ya Kupro yenye jina la Lazaros Mavros, akafichwa nyumbani kwa balozi wa Ugiriki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu walimvumilia hadi tarehe 15, kisha wakampa gari. Aliambiwa anakwenda Uholanzi. Njiani gari lake likaachana na la Wagiriki, na kitambaa kilipotolewa machoni pake alijikuta ndani ya ndege, amezungukwa na makomando wa Kituruki. Akaishia gerezani katika kisiwa cha Imrali. Kule Athens mawaziri watatu wakapoteza kazi. Huku kwetu, Baba akarudi Kisumu akanunua mashua.

"Ulimwendesha wewe?" Mwalimu akauliza.

"Mimi nilikuwa gari la nyuma. Niliambiwa nipunguze mwendo. Nikapunguza."

Kimya. Vyura wa kwenye mafunjo wakajaza nafasi.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja," Mwalimu akasema. "Kayseri. Baba yangu alinunua peremende, nikapeleka darasani. Tulikuwa na mvulana mmoja wa Kikurdi. Kila asubuhi alikula nasi kile kiapo cha kujivunia Uturuki wetu, sauti yake ikiwa juu kuliko zetu. Siku hiyo tulimpa peremende mbili, tukasimama tumwone akizitafuna."

"Akatafuna?"

"Akatafuna."

Baba alikata uzi kwa meno. Alitaka kusema neno, nadhani, lakini taa za gari zilipiga ukutani. Gari lilikuwa likishuka taratibu kwa barabara ya ufukweni, na saa nne ya usiku hakuna mnunuzi wa samaki Dunga.

"Nyathina, zima taa," Baba akaniambia. "Mwalimu, nifuate."

Tulitoka kwa mlango wa jikoni, tukapita kwenye vichanja vya omena, hadi mashuani. Tulikubaliana tangu Jumapili: tukate ghuba hadi Kendu Bay, ambako binamu yangu angengoja na pikipiki. Mwalimu akalala chini, tukamfunika turubai. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika.

Baada ya dakika kumi hivi nilinyanyua kichwa. Kwa safari ya Kendu Bay, taa za bandari ya Kisumu zilipaswa kuwa migongoni mwetu.

Zilikuwa mbele.

"Baba, mbona huku?"

"Gugumaji limeziba kule. Tunalizunguka."

Nikachovya mkono majini, kushoto, kisha kulia. Maji matupu. Hata jani moja.

Mfukoni mwake simu ikatetemeka. Akaipokea, akasikiliza, wala hakusema haloo.

"Ndiyo, afande," Baba akasema, na akapunguza mwendo.

(Itaendelea)