Hang Jebat: Rafiki Aliyekataa Kunyamaza

Nilianza kuitazama Hang Jebat usiku, nikijua nitasinzia baada ya dakika kumi. Filamu ya 1961, nyeusi na nyeupe, ya Kimalei ambacho sikijui, na tafsiri ya chini ya skrini imejaa makosa. Wapi! Sikusinzia.

Kisa chenyewe Wamalei wanakijua tangu utotoni. Tuko Malacca, karne ya 15. Hang Tuah, shujaa wa Sultani, anasingiziwa. Sultani hachunguzi chochote, anaamuru auawe. Waziri mkuu, Bendahara, anamficha kimyakimya. Cheo chake anapewa rafiki yake wa tangu utoto, Hang Jebat, pamoja na Taming Sari, lile jambia lisiloshindwa. Jebat, akiamini mwenzake ameshazikwa, anaasi na kuliteka kasri. Sultani anakimbia. Hapo ndipo Bendahara anatoa siri. Tuah anarudishwa, anasamehewa, anapewa kazi moja tu: akamuue Jebat. Na anakwenda.

Mtu ameasi kwa ajili yako, halafu wewe ndiye unayetumwa kummaliza.

Kwa vizazi vingi Tuah alikuwa ndiye kielelezo cha mtumishi mwema, na Jebat ni mhaini. Hivyo ndivyo inavyosimulia Hikayat Hang Tuah, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 2001. (Ukifungua Sejarah Melayu utamkuta mwasi ni Hang Kasturi, rafiki mwingine kabisa. Ngano ndivyo zilivyo.) Mwaka 1956 studio ya Shaw ya Singapore ilitoa Hang Tuah, ya rangi, P. Ramlee akiwa Tuah. Miaka mitano baadaye wapinzani wao, Cathay-Keris, wakamwamini Hussain Haniff, mhariri wa filamu ambaye hajawahi kuongoza hata moja. Yeye akachukua tamthilia ya Ali Aziz na jina la mhaini akalipandisha juu ya bango.

Tazama mwaka. Malaya ilipata uhuru 1957. Watu ndio kwanza wametoka chini ya mkoloni, na swali la nani anastahili kutiiwa, na kwa kiasi gani, lilikuwa bado la moto. Kassim Ahmad, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alishaandika tasnifu akidai shujaa halisi ni Jebat, na si wote waliofurahi. Haniff aliwapelekea watu ubishi huohuo sinema.

Pale Jebat anapokabidhiwa jambia la rafiki yake, nilisimamisha filamu. Miaka michache iliyopita mwenzangu wa chumba cha habari alifukuzwa kwa kosa lisilo lake. Wote tulijua. Nafasi yake nikapewa mimi, nami nikasema ahsante, nikahamishia kikombe changu mezani pake. Jebat naye alipokea, jamani. Ila yeye hakuishia hapo.

Nordin Ahmad anamcheza Jebat kama mtu aliyeshajua atakufa na hana haraka tena. M. Amin, kama Tuah, ana kazi ngumu zaidi: kutii, na kuonekana anatii.

Haniff alifariki 1966, akiwa na miaka 32.

Yule mwenzangu nimemtumia kiungo cha filamu juzi. Tiki mbili za bluu. Hajajibu.