Mbwa mwoga wa kulelewa: mambo ya kujua kabla hujamchukua

Tangu ijulikane kuwa shambani kwangu nina mbwa, maswali hayaishi. Wengine wauliza hukumu yake, wengine wauliza namna ya kumpata na kumlea. Leo nayajibu kwa pamoja, maana wanaotaka mlinzi wa shamba ni wengi, na mbwa wasio na pa kukaa ni wengi pia.

Sheria yasemaje

Wengi wetu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi. Kwa Shafi, mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na ni vivyo hivyo kwa nguo au mwili uliopata mate yake. Akiwa mkavu nawe u mkavu, najisi haihami. Imam Malik yeye aliona mbwa aliye hai ni tohara. Kufuga mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo au wa kulinda mimea kumeruhusiwa katika hadithi sahihi, na wanazuoni wengi wameongeza ulinzi wa nyumba. Ukiwa na shaka, muulize shekhe wako.

Lakini najisi si ruhusa ya kutesa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na Suratul Kahf imemtaja mbwa aliyekuwa pamoja na vijana wa pangoni.

Mimi nina minazi na mihogo, na adui zangu ni tumbili na wezi wa nazi. Mbwa ana kibanda chake nje na bakuli lake, na nguo zangu za swala hazifiki huko.

Kwa mlezi wa muda

Wako watu wanaookota mbwa waliotupwa au kupigwa, wakawatibu na kukaa nao nyumbani mpaka apatikane wa kuwachukua. Faida yake ni kuwa mlezi ameshaishi na mbwa huyo. Muulize: amechanjwa lini, na cheti kiko wapi? Amepewa dawa ya minyoo? Amefungwa uzazi? Aogopa nini: wanaume, fimbo, pikipiki? Amewahi kuuma? Akiona kuku na mbuzi hufanyaje?

Wangu ni koko chotara, na siku ya kwanza alijificha chini ya meza asitoke. Mama aliyekuwa akimlea akaniambia, "Mwanangu, huyu usimwendee. Mwache akujie mwenyewe." Nilikwenda mara tatu kabla hajakubali kula karibu nami.

Siku za mwanzo

Wanaowapa watu mbwa wa kulea wana kipimo chepesi: siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea desturi za nyumba, miezi 3 za kujiona yuko kwao. Mwoga huenda akachukua zaidi. Mpe pembe tulivu, mlishe saa zile zile, na umchunge asitoroke, kwani aliyeshtuka hukimbia asijue njia ya kurudi. Usimkodolee macho wala usimwinamie kichwani.

Soma mwili wake. Mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, kulamba midomo na kupiga miayo bila usingizi ni kusema, "Niondokeeni." Watoto wasimzunguke, wala wasimguse akila au akilala. Mbwa mwoga akibanwa pasipo na njia, huuma.

Afya

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo 2030, na lengo hilo laanzia kwa mbwa wako na wangu. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishatokea kwa binadamu, kupona ni nadra mno.

Mawe ya watoto

Jambo la mwisho ni letu sote. Vijana wetu huona mchezo kumpiga mbwa mawe, na wazee twapita kimya. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza hayo. Na mbwa aliyezoeshwa mawe humwogopa kila mtoto, hata yule asiye na kosa, na kwa hofu hiyo aweza kumuuma.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Ukiamua kuwa ufuko wake, jihesabie kwanza nafasi, gharama ya chanjo na subira ya miezi. Ukiona huna, mwache kwa mlezi wake mpaka aje mwenye uwezo.