Talaka Inayogawika

Wanasheria wa Marekani wanaiita "divisible divorce", nami naona Kiswahili kinachoifaa ni talaka inayogawika. Kinachogawika hapa si nyumba wala akiba ya benki, bali nguvu ya hukumu yenyewe. Marekani ina majimbo 50, kila moja na sheria yake ya ndoa, na Katiba inalitaka kila jimbo liheshimu hukumu za mengine. Mume akihamia Nevada, ambako tangu 1931 wiki sita za ukaazi zinatosha kufungua shauri la talaka, mahakama ya huko yaweza kuivunja ndoa ingawa mke amebaki New York na hajawahi kukanyaga Nevada. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali hivyo mwaka 1942 katika shauri la Williams dhidi ya North Carolina, na mwaka 1945 ikaongeza kwamba ukaazi huo lazima uwe wa kweli. Mwaka 1948 likaja shauri la Estin. Mahakama ya New York ilikwisha kumwamuru mume amlipe mkewe dola 180 kila mwezi. Mume akaenda Nevada, akapata talaka, akaacha kulipa. Mahakama ya Juu ikasema ndoa imekwisha ila wajibu wa kulipa ungalipo. Hali ya ndoa ni ya wote wawili, na jimbo anakoishi mmoja wao lina haki ya kuiamua. Lakini matunzo ni haki ya mke peke yake, na mahakama isiyo na mamlaka juu yake haiwezi kumvua haki hiyo. Shauri la Vanderbilt, mwaka 1957, liliipanua kanuni hiyo hadi kwa mke ambaye hakuwa na amri yoyote ya matunzo kabla ya talaka.

Wapo watakaopendelea "nusu talaka" kwa kuwa ni fupi. Siikubali, maana msemaji wa Kiswahili amezoea kuhesabu talaka: moja, mbili, tatu, na talaka rejea, ambayo mume aweza kumrudia mkewe kabla eda haijaisha. Atakayesikia "nusu" atadhani ndoa bado inaning'inia, ilhali imekatika kabisa na kila mmoja yuko huru kuoa au kuolewa. "Talaka iliyogawika" nayo inapotosha, kwa sababu si kila talaka hugawika: wote wawili wakifika mahakamani, hukumu moja yaweza kumaliza ndoa, matunzo na mali. Katika "inayogawika" kiambishi -ik- ndicho kinachobeba maana ya uwezekano, nacho -na-, tofauti na -li-, hakisemi kwamba kugawika kumekwisha kutokea; ndiyo maana nakishikilia.

Pingamizi zito zaidi linaihusu kanuni yenyewe: kwa nini mtu apewe uhuru leo, mwenzake aachiwe kesi ya pili jimbo jingine? Gharama hiyo ni ya kweli, na mara nyingi humwangukia asiye na fedha za wakili. Lakini tazama njia mbadala. Hukumu ya Nevada ingepuuzwa yote, mtu angekuwa mseja huku na mhalifu kule. Wale wawili wa shauri la Williams, waliopata talaka Nevada na kuoana, walihukumiwa North Carolina kwa kuishi pamoja kama mume na mke wakati ndoa zao za awali zilihesabiwa bado zipo. Ingetambuliwa yote, anayewahi kukimbilia mahakama ya mbali ndiye angeamua riziki ya mwenzake, na pia sheria ya kugawia mali, kwani majimbo tisa, Texas na California yakiwamo, huhesabu kilichochumwa katika ndoa kuwa cha wote wawili, ilhali mengi mengine humwachia jaji apime haki.

Ardhi ina ugumu wake hata pale wote wawili wamefika. Katika shauri la Fall dhidi ya Eastin, mwaka 1909, mahakama ya jimbo la Washington ilimpa mke shamba lililoko Nebraska, na ofisa wake akaandika hati ya kulihamisha. Nebraska haikulazimika kuitambua hati hiyo. Mahakama ya jimbo moja yaweza kumwamuru mtu aliye chini ya mamlaka yake asaini hati, na akikaidi ikamwadhibu, lakini haiwezi yenyewe kuhamisha umiliki wa shamba lililoko jimbo jingine.