Majengo ya Tanga na Wenyewe

Katika mji wa Tanga na pwani inayoelekea Pangani, majengo ya kale huitwa kwa majina ya watawala. Hili husemwa kuwa la Mdachi, lile la Mwingereza, na magofu ya zamani zaidi kuwa ya Washirazi au ya Waarabu. Majina hayo hutumika kwa wepesi, kana kwamba kila jengo lina mwenyewe mmoja tangu kuwekwa jiwe lake la kwanza hata siku ya kuanguka kwake. Habari za majengo yenyewe hazikubali wepesi huo. Mtu akizifuatia ataona kwamba mengi yaliyotumiwa na Mwingereza hayakujengwa na Mwingereza, na kwamba jina la mtawala ni sehemu ndogo tu ya yale ambayo kuta zimeyashuhudia.

Boma la Pangani ni shahidi mzuri. Lilianza kuwa nyumba ya tajiri wa Kiarabu, siku ambazo Pangani ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa. Wadachi walipoishika pwani hiyo, baada ya kumshinda Abushiri bin Salim na kumnyonga mjini Pangani tarehe 15 Desemba 1889, waliigeuza nyumba hiyo kuwa makao ya utawala. Waingereza wakaikuta, wakaketi ndani yake. Na serikali ya nchi huru nayo ikairithi. Nyumba ni moja, mabwana wamekuwa wanne. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili nyumba ipate nguvu. Iwe ni kweli ya tendo au ni kweli ya uchungu, masimulizi hayo yana maana moja: watu wa Pangani hawakusahau kwamba fahari ya milango ile ya nakshi ililipiwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Katika Tanga, urithi wa Waingereza ulianza kwa kushindwa. Tarehe 2 Novemba 1914 merikebu zao zilitokea mbele ya bandari zikiwa na askari kiasi cha 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Waliteremka Ras Kasone wakitaraji kuuchukua mji upesi. Paul von Lettow-Vorbeck aliwakabili na watu kiasi cha 1,000 tu, na wengi wa watu hao walikuwa askari Waafrika. Mapigano makali ya tarehe 4 yalifanyika katika mashamba na njia za mji. Hata nyuki waliochokozwa na risasi waliwashambulia wapiganaji. Kesho yake Waingereza walirudi merikebuni, wakaacha nyuma maiti wao, mizinga ya rashasha na risasi nyingi mno. Hawakuupata mji ila mwezi wa Julai 1916, na baada ya vita walipewa Tanganyika kuitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa.

Hivyo aliyeshindwa mwaka 1914 alikuja kukaa katika nyumba za aliyemshinda. Aliikuta hospitali ya Wadachi juu ya jabali la Bombo, ikitazama bahari ile ile iliyoleta merikebu zake. Aliikuta reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Aliikuta Skuli ya Tanga, iliyoanza mapema katika miaka ya 1890, ambayo wanafunzi wake walipiga chapa gazeti la Kiongozi. Yeye naye aliongeza yake, na mojawapo ni maktaba iliyopewa jina la Mfalme George VI, iliyojengwa katika miaka ya 1950, mfalme huyo akiwa amekwisha kufa. Jina la mfalme lilikaa mlangoni muda mfupi. Wasomaji wa nchi huru wamekaa ndani miaka mingi zaidi. Leo mwanafunzi anayefungua kitabu katika maktaba hiyo hana haja ya kumwomba ruhusa mfalme yeyote.

Tena majengo hayo, hata katika siku za mabwana wake wa kigeni, hayakuendeshwa na mabwana peke yao. Ofisa mmoja alikuwa na makarani, matarishi, wakalimani na wapimaji, na hao walikuwa Waafrika. Martin Kayamba alikuwa miongoni mwa makarani wa serikali ya Kiingereza katika Tanga. Mwaka 1922 aliongoza kuundwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali ya Tanganyika, chama kilichoanzia mjini humo na kuwakusanya watu wa makabila na dini mbalimbali. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akatumika Pangani. Wajenzi wa forodha walitaka mahali pa kutoza ushuru. Hawakujua kwamba katika meza zake angekaa mtu ambaye Kiswahili kingemhesabu miongoni mwa waandishi wake wakuu. Habari ya jengo, basi, haikomei katika nia ya aliyeliamuru.

Jiwe laweza pia kuficha. Wapiganaji wa 1914 waliwekewa makaburi na kumbukumbu katika Tanga, lakini si kila aliyekufa katika vita vya Afrika Mashariki alipata jiwe lenye jina lake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti kuhusu jambo hili. Ripoti hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile vya kwanza vya dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wapagazi, watu waliobeba chakula na risasi za majeshi vichwani mwao. Kumbukumbu iliyojengwa kwa ajili ya wachache husomeka vibaya mtu asipojua ni akina nani walioachwa nje.

Kuna wanaosema kwamba kwa sababu hizo hizo majengo ya wakoloni yaachwe yaanguke, kwani si yetu. Hoja hiyo ina uchungu wa haki ndani yake, lakini haisimami mbele ya Tongoni. Huko, kiasi cha kilometa 17 kusini ya Tanga, yako magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya karne ya 14 na ya 15. Mji huo, uliojulikana kwa jina la Mtangata, ulikuwapo wakati merikebu ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilipokwama katika miamba ya jirani mwaka 1498, na ilipochomwa moto huko huko mwaka 1499 kwa uhaba wa mabaharia. Tongoni haikujengwa na Mdachi wala Mwingereza. Hata hivyo bakuli za kaure ya Kichina zilizopamba makaburi yake zimebanduliwa, na nguzo zake nyingi zimelala chini. Kama ugeni wa mjenzi ndio sababu ya kutojali, Tongoni ingalitunzwa kama mboni ya jicho.

Wala sheria peke yake haitoshi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mpaka katika mwaka 1863: jengo la kabla ya hapo lina ulinzi wa sheria yenyewe, na la baada ya hapo huhitaji kutangazwa. Karibu kila jengo la Wadachi na la Waingereza liko upande wa pili wa mpaka huo, na laweza kubomolewa kabla halijatangazwa. Tongoni iko upande wa kwanza, na bado bakuli zake hazipo. Palipo na sheria bila watu wanaolihesabu jengo kuwa lao, mlinzi wake ni karatasi.

Boma la kale la Tanga limefanyiwa matengenezo na kuwa makumbusho, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kupaka chokaa ukuta si kazi yote. Kazi iliyobaki ni kuandika, wazee wangali hai, ni nani aliyechoma matumbawe kupata chokaa ile, nani aliyekata boriti mikokoni, nani aliyetibiwa Bombo na nani aliyekatazwa mlango. Habari hizo ndizo hati ya kumiliki. Mtu asiyejua kilichotendeka ndani ya nyumba ni mpangaji humo, hata kama aliachiwa na babu yake. Na anayekijua, chema na kiovu, hawezi kuambiwa kwamba nyumba ile si yake.